Jogoo Aliyemsomesha Tupokigwe

Ackson alishuka Tukuyu mvua ikinyesha, na hilo si jambo la kushangaza, maana anayengoja mvua ya Tukuyu iishe ndipo ashuke atapitilizwa mpaka Kyela. Alivaa suti ya mtumba, ya kijivu, iliyowahi kuvaliwa huko ng'ambo na mtu mnene kuliko yeye. Mkononi alishika mkoba mweusi wenye namba za kufungia, na ndani ya mkoba mlikuwa na wembe, chupa ya wino wa zambarau, karatasi nyeupe na viazi mviringo viwili. Msomaji asiulize viazi vya nini. Vitafika zamu yake.

Mbeya alikuwa ameondoka kwa haraka kidogo. Akina mama fulani walikuwa wamemlipa awaletee vyerehani, na vyerehani vilikuwa bado vinakuja, basi yeye akaona ni adabu kuvipisha njia.

Aliingia kwenye mgahawa jirani na stendi, akaagiza chai ya maziwa na chapati moja. Ulikuwa mwaka tisini na tano, kila mtu anafanya biashara na kila biashara ni ruksa, na meza ya pembeni waliketi wawili waliofanikiwa katika ruksa hiyo. Mmoja ni Lazaro, mwenye lori la kupeleka ndizi Dar es Salaam. Mwingine ni Beatrice, mwenye gesti pale Msasani, mtaa wa hapo hapo Tukuyu.

"Divisheni ziro!" Lazaro alikuwa akilalamika. "Nimemlipia mwanangu Fred tuisheni. Nimemnunulia taa ya kusomea, ya betri. Ziro! Na binti wa Elina, yule mchuma chai wa Kawetele, anayesomea kibatari, kapata divisheni wani. Kaitwa Chuo Kikuu!"

"Kaitwa, ataenda na nini?" Beatrice akasema. "Siku hizi wazazi wanachangia. Nauli yake, godoro lake, chakula chake. Elina achume chai mpaka mgongo ukatike, hafikishi. Na asiporipoti Ijumaa ya wiki ijayo, nafasi anapewa mwingine."

"Ndiyo dunia. Wenye akili hawana pesa."

"Na sisi wenye pesa..." Beatrice akamkumbuka mwanawe, akanywa chai.

Ackson aliacha kutafuna. Huku pana akili bila pesa, kule pana pesa bila akili, na katikati pana kiti kitupu ambacho hakuna mtu mzima yeyote katika wilaya nzima ya Rungwe aliyefikiria kukikalia! Alijifuta mdomo, akachukua kikombe chake, akahamia.

"Shikamooni wakubwa. Sikukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana mlango. Mimi natoka Mfuko wa Vipaji. Ufadhili wa vyuo vya Ulaya."

Lazaro alimpima kuanzia viatu. "Ulaya ipi?"

"Ya juu kabisa, mzee wangu. Ile ya baridi. Nimetumwa kutafuta watoto wa maskini wenye akili, na huyo binti mliyemtaja ndiye ninayemtafuta."

"Hongera zake," Lazaro akasema kwa uchungu, akageukia chapati yake.

"Tatizo ni wasindikizaji."

Chapati ikabaki hewani.

"Wazungu wetu walijaribu kuchukua kipaji kimoja kimoja," Ackson akaendelea, akishusha sauti kama mtu anayeeleza ugonjwa wa jirani. "Mtoto anafika kule, baridi, upweke, analia usiku kucha, masomo yanaharibika. Sasa wamebadilisha utaratibu. Kila kipaji kinasafiri na wasindikizaji. Vijana wa familia zinazojiweza. Wanalala bweni hilo hilo, wanasoma chuo hicho hicho, kazi yao ni kuhakikisha mwenzao hapati upweke."

"Na matokeo yao ya mtihani?" Beatrice aliuliza haraka.

"Hapo ndipo penye kazi, dada yangu. Msindikizaji akiwa na akili, atamwonea wivu mwenye kipaji. Kwa hiyo Ulaya wanapendelea ziro. Ziro safi."

Lazaro aliweka mkono kifuani. "Fred ana ziro safi."

"Wa kwangu ana divisheni foo," Beatrice akasema kwa unyonge.

Ackson alitikisa kichwa, akafikiri, akahurumia. "Ni nyingi kidogo. Lakini nitamwombea."

Kufikia jioni ile alikuwa na chumba cha bure katika gesti ya Beatrice, sahani ya mbalaga, ndizi za kupika, yenye nyama juu, na ahadi mbili za ada ya usindikizaji. Alijifungia ndani, akakata kiazi katikati, akakichonga kwa wembe mpaka kikawa muhuri wenye mwenge, kitabu na maneno ya kuzunguka. Akakichovya katika wino wa zambarau. Pa! Mfuko wa Vipaji ukazaliwa, wenye afya njema, baba akiendelea vizuri.

Lakini Lazaro hakuupata utajiri kwa kulala. Kabla ya kutoa hata senti, alitaka kwanza kukiona hicho kipaji kimekubali kusafiri. Kwa hiyo asubuhi yake Ackson akapanda Kawetele, tope mpaka magotini, suti ameikunja.

Elina alikuwa ametoka kuchuma, kikapu bado mgongoni. Alimkaribisha mgeni kwa kuinama, akafuta kigoda kwa upande wa kitenge. Alipoambiwa mwanawe amepata mfadhili, na kwamba mzee Lazaro anangoja jibu, alikaa chini palepale kwenye majani ya migomba.

"Ndaga fijo, tata. Asante sana. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilimwambia huyu, mwanangu, weka hiyo balua yako ya chuo kwenye sanduku, labda mwakani. Akaniambia mama, mwakani si yangu."

Huyo aliyesema hivyo alikuwa amesimama mlangoni. Tupokigwe alikuwa mwembamba, mweusi, wa miaka ishirini hivi, mwenye macho ya mtu anayesoma hata maandishi ya kwenye gunia la mbolea. Alipokea barua ya Mfuko kwa mikono miwili. Aliisoma. Akaigeuza nyuma. Halafu akaisogeza puani.

"Shikamoo baba. Barua yako inanukia viazi."

"Wazungu wanakula sana viazi, binti yangu," Ackson akajibu bila kupepesa.

"Na chuo chenyewe kiko mji gani?"

"Kiko nje kidogo ya mji. Penye hewa."

Tupokigwe alimtazama. Aliitazama suti, akautazama mkoba, akamtazama mama yake aliyekuwa bado chini akifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kitu fulani kilipita usoni mwake kikaondoka. Ackson, mtu aliyezoea kusoma nyuso za watu kama wengine wanavyosoma magazeti, alikiona akadhani ni furaha.

"Nimekubali," binti akasema. "Mwambie mzee Lazaro kwamba umeniona na nitasafiri. Ila mama ni mtu wa kanisa. Siwezi kuondoka bila ibada ya shukrani. Jumapili hii, wewe uwe mgeni rasmi."

"Shukrani ni jambo jema."

"Na baada ya ibada tuna mnada. Wenye uwezo wote watakuwepo."

Ackson alihisi joto tamu likimpanda. Minada ya kanisani aliijua. Watu wanaleta jogoo, mayai, mkungu wa ndizi. Vinanadiwa nje baada ya sala, na mkristo ambaye hawezi kumkopesha jirani chumvi atamnunua kuku mmoja kwa bei ya mbuzi ilimradi waumini wanamwona.

"Fedha za mnada," aliuliza kama mtu asiyejali, "nikitaka ziende kwenye Mfuko?"

"Mgeni rasmi ndiye anayetamka mnada ni wa nini. Ukipenda taja Mfuko. Ila wazee wa hapa hawatoi kwa kitu wasichokijua. Ukitaja Mfuko watatoa mayai. Ukinitaja mimi, watatoa."

Msichana wa divisheni wani kweli, Ackson akawaza akishuka mlima. Atamtaja binti, Mfuko utamtunzia. Nani kama Mfuko?

Wiki ile habari ilitembea kuliko mvua. Lazaro alilipa. Beatrice alilipa, akaongeza kidogo kwa ajili ya ile divisheni foo. Akaja mwenye duka la dawa, akaja mwenye mashine ya kusaga, wote na vijana wao, na mmoja alimleta mpwa wake aliyefeli darasa la saba akauliza kama hiyo nayo haihesabiki kuwa ziro. Kufikia Jumamosi binti mmoja wa Kawetele alikuwa na wasindikizaji saba. Upweke gani tena ungempata?

Ackson aliwaambia wote kitu kimoja: safari itatangazwa baada ya ibada. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapanga safari yake, ya peke yake, Jumapili saa tisa. Mkoba hakuuacha gestini hata dakika moja. Mjini hapa, alimwambia Beatrice, kuna matapeli.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watoto wakaning'inia madirishani. Kwaya iliimba, mchungaji aliomba, Elina alilia, na mgeni rasmi akaitwa mbele. Hapa ieleweke kwamba Ackson hakuwa mtu wa kusema kidogo. Alipoona nyuso mia tatu zimemgeukia, ulimi ulichukua usukani.

"Ndugu zangu! Sikuja kuomba kwa ajili ya ofisi. Ofisi haina njaa! Nimekuja kwa ajili ya mtoto aliyesomea kibatari. Kila shilingi itakayowekwa mezani leo ni ya Tupokigwe, ya kumfikisha chuoni, na si ya mtu mwingine yeyote. Na anayepinga aseme sasa!"

Hakuna aliyepinga. Mzee wa kanisa Ambindwile, aliyekuwa dalali wa mnada tangu enzi ambazo kuku walinunuliwa kwa senti, aliyaandika maneno yale kwenye daftari kama yalivyotamkwa.

Nje, mvua ilikuwa imesimama kwa heshima. Meza ikawekwa. Vikauzwa vitunguu, ikauzwa mikungu ya ndizi, yakauzwa maparachichi. Mwisho Elina akaleta alichokuwa nacho: jogoo mwekundu, kichwa juu, mwenye jicho la dharau.

"Jogoo wa mama mwenyewe!" Ambindwile akanadi. "Na utaratibu wetu mnaujua. Ukitaja unaweka mezani, na ukishaweka hairudi, hata kama jogoo ataondoka na mwenzako. Nani anaanza?"

Lazaro akaanza, elfu tano. Beatrice akataja elfu sita, ili Lazaro asitembee mjini kama mwenye nchi. Lazaro kumi. Beatrice kumi na mbili, akavunja kibindo. Watu wakashangilia, jogoo akawika, na Ackson, akitazama kile kichuguu cha noti kikikua, aliona ni chake chote.

Kisha Lazaro akageuka. "Lakini mbona mfadhili yuko kimya? Sisi wauza ndizi tunatoa, Ulaya inatutazama?"

Watu wakacheka. Beatrice hakucheka. "Hata mimi nashangaa," akasema. "Au ada zetu tumempa mtu mwenye njaa zake?"

Kicheko kikapungua. Mwenye duka la dawa akasogea mbele hatua moja. Mwenye mashine naye. Tupokigwe, aliyesimama ubavuni mwa mgeni rasmi amejifunga kitenge kipya, akamnong'oneza, "Baba, wanaanza kukuangalia vibaya. Na si inarudi kwenye Mfuko?"

Inarudi! Ackson akapumua. Ataiweka mezani kwa mkono huu, ataichukua kwa mkono huu mwingine, na imani ya watu itakuwa imepanda bei. Akafungua mkoba kwa mbwembwe.

"Elfu hamsini!"

Kanisa zima liliguna.

"Sitini!" Lazaro akanguruma, akatoa bunda la mfukoni la kununulia dizeli.

"Laki!" Ackson akajibu. Sasa alikuwa ameshanoga. Mikono yake ilicheza hewani, tai ilikwenda begani. "Nani ana zaidi ya laki? Hakuna? Basi najipandishia mwenyewe! Laki mbili! Mkoba wote! Mezani!"

Akaupindua mkoba. Zikaanguka noti zote za wasindikizaji saba, zikaanguka na nusu mbili za kiazi, ambazo kwa bahati mbwa wa mchungaji alizidaka kabla hazijatazamwa.

"Mara ya kwanza!" Ambindwile alipaza sauti. "Mara ya pili! Jogoo ni wa mgeni rasmi!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Jogoo akawekwa mikononi mwa Ackson. Naye, akiwa bado anapokea pongezi, akamwona Elina anatandika kitenge mezani. Fedha zote zikakusanywa ndani yake. Kitenge kikafungwa fundo, nalo fundo likafungwa mgongoni mwa Tupokigwe, kama mtoto.

"Samahani mzee," Ackson akasema, akikohoa. "Hizo sasa zinakabidhiwa kwa Mfuko. Kwa utunzaji."

Ambindwile alivaa miwani, akafungua daftari. "Kila shilingi ni ya Tupokigwe na si ya mtu mwingine yeyote. Ndivyo ulivyotamka, mwanangu, na ukauliza kama kuna anayepinga. Unapinga?"

"Hapana, ila..."

"Tuombe."

Mchungaji akaweka mkono juu ya fundo. Watu mia tatu wakafumba macho. Ackson peke yake aliyakodoa, ndipo alipoona nyuma ya kanisa pikapu ya usharika, injini inaunguruma, na ndani yake sanduku la bati limeshapakiwa na godoro limeshaviringishwa. Godoro! Watu hawafungi godoro kwa ahadi ya mtu waliyekutana naye juzi. Hilo lilikuwa limefungwa na mtu aliyejua hesabu ya leo itatokaje.

"Amina," Tupokigwe akasema kwa sauti kuliko wote.

Kwaya ikaanza kumsindikiza, wazee wanne wakapanda naye. Alipopita mbele ya mgeni rasmi alipiga goti, kama binti mwenye adabu, akasema taratibu kiasi cha kusikiwa na yeye na jogoo tu: "Ahsante baba. Siku nyingine muhuri chonga kwa kandambili. Viazi vinanuka."

Akapanda. Lazaro akakimbilia pikapu akishika mlango. "Binti! Na Fred? Fred anasafiri lini?"

Kila mtu alimsikia Tupokigwe akijibu, maana alisimama juu ya godoro lake kusema. "Mimi natangulia Dar es Salaam. Wasindikizaji wanaondoka leo na baba mfadhili mwenyewe. Msimwache atoke peke yake!"

Pikapu ikashuka na barabara ya Mbeya, Elina akiikimbilia nyuma mpaka pumzi ikaisha, akipunga kikapu chake cha chai.

Ackson aligeuka. Mbele yake walisimama vijana saba wenye makoti mazito, masanduku saba, na wazazi idadi inayolingana.

"Tupo tayari," Beatrice akasema.

"Vizuri sana. Nikajisaidie kidogo kwanza."

"Na jogoo?"

"Naye pia."

Akaenda nyuma ya choo, na kutoka pale akaingia kwenye shamba la chai kama sungura. Nyuma yake sauti ya Lazaro ikapaa, kisha miguu. Ackson alilala kifudifudi kati ya mistari ya chai, tope mdomoni. Wakapita. Kimya. Na jogoo akawika.

Akahama mstari. Jogoo akawika. Mtu mwenye akili timamu angemwachia, lakini nani anaweza kumwachia kuku aliyemnunua kwa mali yake yote? Alimbana mdomo, jogoo akamdonoa kidole, akawika tena.

Majani yakafunuka. Alikuwa Fred, koti la baridi mpaka miguuni, jasho linamtiririka.

"Mjomba," Fred akasema kwa upole, "hivi kweli kule Ulaya kuna malori?"

"Mwanangu, sijui hata Ulaya iko upande gani."

Uso wa Fred ukachanua. "Kumbe siendi! Mimi nilitaka kuendesha lori la baba tu, tangu mwanzo, nikafeli makusudi." Akasimama, akaweka mikono mdomoni kama tarumbeta. "Baba! Amekwenda huku, njia ya Nkunga! Nimemwona!" Akaelekeza upande usio wa Ackson. Kabla ya kuondoka akampapasa jogoo kichwani. "Kuku mzuri."

Polisi hakwenda mtu. Ingebidi waeleze pale kaunta walikuwa wamenunua nini, na kila mmoja alikuwa ameshapongezwa na mchungaji kwa jina. Wiki mbili baadaye mchungaji alisoma kanisani barua kutoka Chuo Kikuu, Tupokigwe akiwashukuru wafadhili wake, Lazaro akiwa wa kwanza, naye Lazaro alisimama akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akaketi, akasaga meno.

Lakini hiyo ni baadaye. Jumatatu ile, kwenye soko la Kiwira, mtu mmoja mwenye suti iliyobadilika rangi kuwa ya tope alichuchumaa kati ya wauza kuku, hana mkoba, hana nauli.

"Jogoo bei gani?" mama mmoja aitwaye Prisca akamuuliza.

"Laki tatu."

Prisca aliita wenzake waje wasikie.

"Mama, huyu si kuku wa kawaida," Ackson akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke Tukuyu alikuwa hana cha kubuni. "Nakuapia kwa Mungu. Huyu jogoo amempeleka mtoto wa mchuma chai Chuo Kikuu. Amemlipia nauli, amemlipia chakula. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

Soko zima lilicheka mpaka matenga yakaanguka.

"Tapeli mkubwa wee!" Prisca akamwambia, akifuta machozi, akamhesabia elfu moja na mia mbili, akamchukua jogoo kwa miguu.